Gurudumu la Nne

Mume wangu Kepher Ojwang aliwahi kuniambia, mchana kweupe na akili zake timamu, kwamba kama nyumba yetu na gari la Bwana meneja vingeshika moto siku moja, angenitoa mimi kwanza. Nilimuuliza kwa nini ilimbidi afikirie kabla ya kunijibu. Akachukua kitambaa chake, akaenda kupangusa taa za gari.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Lilifika huku kwenye mashamba ya chai ya Kericho kabla sijaolewa, na hata siku hiyo halikuwa jipya. Bodi yake ilikuwa ya mbao, nyuma lilikuwa na benchi moja chini ya turubai, na magurudumu yake pia yalikuwa ya mti. Kila gurudumu lilikuwa na spoki kumi na mbili, nene, zilizobanwa katikati na kitovu cha chuma. Kepher aliliita Dani, yaani nyanya, na kila Krismasi alizipaka spoki zake rangi ya kijani iliyobaki kiwandani, mwaka huu juu ya mwaka jana, mpaka zikang'aa kuliko viatu vyangu vya kanisani.

Nilimwonea Dani wivu, sikatai. Lakini mimi si mpumbavu. Nilijua kwamba bila yeye Kepher angekuwa bado analima kwenye gangi la vibarua pamoja na wanaume wengine waliotoka kwetu ziwani. Kwa sababu ya Dani aliitwa dereva, na kwa sababu ya Dani tulikaa kwenye chumba cha mawe kando ya gereji, si kwenye kibanda cha nyasi kule kambini. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa chini ya bati, na mvua ya Kericho haikumwangukia hata tone moja.

Kelele ilianza Januari ya mwaka 1934, wakati jua lilipotuwakia kama tumeikosea mbingu. Tik. Tik. Tik. Gari likienda polepole, nayo polepole, likikimbia, inakimbia. Ilitoka mahali fulani nyuma, na ilitoka gari likiwa na mzigo tu. Kepher akiendesha peke yake, Dani alikuwa kimya kama aliyeko kanisani. Bwana akipanda nyuma, tik, anaanza.

Bwana meneja alikuwa mtu mzito, tena asiyevumilia sauti yoyote isiyokuwa yake. Alipiga marufuku nyimbo kwa wachumaji, akapiga marufuku jogoo kambini. Kwa vile maneno yake ya kila siku yalikuwa "Hapana kelele!", sisi tulimwita Bwana Kelele, naye hakujua mpaka alipohama.

Kepher alifanya jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Mpini wa jembe ukilegea, unalilaza jembe majini mpaka kesho yake. Mti unavimba, unakaza. Basi aliyafungua magurudumu yote manne siku ya Jumamosi, akayaviringisha hadi kijito kilicho chini ya kiwanda, akayalaza humo mpaka Jumapili tulipotoka ibadani. Jumatatu Dani alikuwa kimya, na Bwana juu yake. Kepher alipiga mluzi kutwa nzima. Jumatano ilipofika maji yalikuwa yamekauka ndani ya mti, na tik ikarudi na nguvu mpya.

Ijumaa Bwana alimsimamisha nje ya gereji. Mimi nilikuwa naanika nepi, nikasikia kila kitu.

"Kepher," alisema, kwa Kiswahili chake kile. "Hii kelele mimi nachoka. Jumamosi ingine bwana mkubwa natoka Nairobi, mimi enda stesheni kuchukua yeye. Kama iko tik, moja tu, basi. Injini natoka, nasukuma msumeno ya kiwanda. Wewe narudi shamba, nashika jembe. Dereva ingine nakuja na lori."

"Ndiyo, Bwana," Kepher alisema.

Alipoingia ndani hakula. Nilimwambia jembe halijamuua mtu, kwamba mikono yake bado ni ile ile. "Si jembe, Beldina," alinijibu. "Watamkatakata Dani." Nilimkasirikia, kisha nikaona macho yake, hasira ikaniishia nikamwekea maji ya kuoga. Nilimpenda yule mtu, pamoja na grisi yake yote.

Sasa, wiki hiyo hiyo ndiyo mama yangu alikuwa anakuja.

Mama yangu, Adoyo, alikuwa mfinyanzi kule Kano. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na mdogo wa maneno. Alikuwa hajaona mjukuu wake, na alikuwa ametuma habari kwamba atapanda treni hadi stesheni ya Lumbwa siku ya Jumatatu. Kepher alikuwa na safari ya Lumbwa siku hiyo hiyo kuchukua barua na vipuri vya kiwanda, na Bwana akaruhusu amlete. Mimi nilitaka kwenda naye, lakini mtoto alikuwa na homa. Basi mambo yote yakaharibika kutokana na homa hiyo.

Lazima nieleze. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na la kuambiana wanamtafuta mtu wa katikati. Mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, ndiyo maana Mama alilala kwa jirani yetu Syprose, nyumba ya nne. Mchungaji alikuwa ametuambia sisi tuliobatizwa kwamba hayo ni mambo ya zamani. Kepher alimtii mchungaji katika yote isipokuwa hilo. "Namheshimu," aliniambia. "Ni yeye aliyenipa wewe." Mwanamke akiambiwa hivyo atabishana vipi? Nikakubali kuwa mtu wa katikati, nikabeba maneno yao huku na huku kwa miaka mitatu.

Jumatatu jioni walifika. Mama aliteremka nyuma, upande wa kushoto, na vyungu vyake vitatu na kapu la samaki wakavu, uso kautazamisha kwenye chai. Kepher alibaki kwenye usukani, uso kautazamisha kwenye ukuta wa gereji. Hata kuku wasiofahamiana huangaliana zaidi ya hapo.

"Tumelia njia nzima," Kepher aliniambia Mama alipokwenda kwa Syprose. "Dani na mimi. Tik, tik, tangu Lumbwa."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama kwenye ule mteremko. Nikalisukuma gari kwa bega, mbele na nyuma, sikio kwenye gurudumu. Hakuna kitu. Si magurudumu, Beldina. Nilikosea tangu mwanzo. Ni springi."

Nilimwamini. Yeye ndiye dereva, mimi ninajua nini?

Jumanne alipakia magunia mawili ya unga wa posho nyuma, akaniomba nitembee kando ya gari kwenye barabara ya kiwandani nisikilize kelele inatoka upande gani. Nilitembea na mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikasikia tik waziwazi. "Kulia!" nilipiga kelele. "Ni upande wa kulia!" Niliapa kabisa. Kumbe upande ule barabara imechongwa kwenye kilima, ukuta wa udongo umesimama juu kuliko gari, na sauti ilikuwa inagonga pale na kunirudia. Hilo nililijua baadaye. Siku ile nilijiona fundi.

Basi Kepher akafungua springi ya kulia. Jumanne iliyobaki alikuwa chini ya gari, na Jumatano yote. Alitoa vyuma vyake kimoja kimoja, akavisugua, akavipaka grisi, akavirudisha, akapakia magunia, akaendesha. Tik.

Jumatano alasiri nilikuwa mlangoni kwa Syprose, nachambua mboga. Mama alikuwa amempakata mtoto. Nyundo ya Kepher ilisikika kutoka gereji, na kila ilipolia nilikuwa nakata mboga vipande vidogo zaidi.

"Mkwe wangu anapiga kitu gani siku mbili hizi?" Mama aliuliza.

"Gari lina kelele."

"Lile la tik?"

Nikamtazama. "Uliisikia?"

"Nitaachaje kuisikia? Ilikuwa chini ya matako yangu tangu stesheni."

Niliweka kisu chini. "Lakini ulikaa kushoto."

"Nilikaa kushoto. Kelele ilikuwa kushoto. Alisimamisha gari, akakagua gurudumu la mbele, akazunguka upande wa pili akakagua yale mawili ya huko. Langu hakuligusa. Alipanda tukaondoka. Nikajua amejua ni nini."

"Na hukusema?"

"Niseme na nani? Wewe hukuwepo."

"Tangu Jumatatu nipo, Mama!"

"Dereva nimfundishe gari mimi?" Mama alisema. "Ni kelele tu. Kuna mtu amekufa kwa kelele?"

Hapo nikapasuka. Nilikuwa nimemficha, maana ni aibu kumwambia mama yako kwamba mumeo yuko karibu kufukuzwa. Atasema alimpa binti yake mtu wa namna gani. Nilimwaga yote: Bwana, Jumamosi, jembe, chumba cha mawe, bati. Nilisema kwa sauti mpaka mtoto akaanza kulia na Syprose akatoka jikoni na mwiko. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimbembeleza mtoto akanyamaza, akasema, "Nenda kamwambie ni gurudumu la nne."

Nilikwenda mbio. Kepher alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana, na mimi nikazungumza na miguu hiyo.

"Uliniambia umekagua magurudumu!"

"Nilikagua."

"Mangapi?"

Miguu ilitulia.

"Kepher! Mangapi?"

"Matatu," ilisema sauti kutoka chini.

"Na la nne?"

Alitoka taratibu, uso mweusi kwa grisi. "Beldina, ningefanyaje? Ningepiga magoti pale? Miguu yake ilikuwa pale pale, juu ya gurudumu. Kichwa changu kingekuwa kwenye miguu ya Maro."

Maro ni mama mkwe, kwa lugha yetu. Hata jina hilo alilitamka kwa kunong'ona.

"Ungemwambia ashuke!"

"Nani angemwambia? Wewe hukuwepo."

Wote wawili, neno lile lile. Niliwatazama, mmoja hapo mbele yangu na mwingine kule mlangoni kwa Syprose, nikajiuliza hii ni heshima gani inayokula kazi ya mtu huku kila mmoja akimpisha mwenzake. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu. Nilimpangusa Kepher grisi kwenye jicho kwa ncha ya leso yangu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Alipakia magunia upande wa kushoto, akamwita Gekara alisukume gari, akaweka sikio kwenye gurudumu la nne. Tik. Alilikumbatia.

Gekara alikuwa seremala wa kiwanda, mtu wa Kisii, mwembamba, aliyetengeneza masanduku ya chai na ambaye hakuwahi kuonekana bila penseli sikioni. Alhamisi asubuhi alikuja akachuchumaa mbele ya gurudumu. Kepher alikuwa amelinyanyua kwa jeki. Walilitikisa, wakalizungusha, wakabonyeza spoki moja moja. Zote zilikuwa kijani, nono, zimenyooka. Ile rangi ya Krismasi zote ilikuwa imefunika kila kitu.

"Moja iko na ufa," Gekara alisema. "Ndani, hapa chini, penye inaingia kwa chuma. Uliweka kwa maji, ikafunga. Imekauka, imefunguka. Lakini ni gani?"

"Tutoe zote tuangalie," nilisema.

Wanaume wote wawili walinitazama kama nimesema tumpasue mtoto. Kepher akanieleza kwamba spoki zinabanana zenyewe kwa zenyewe. Ukitoa moja, zingine zinashika umbo, lakini ukizitoa zote kumi na mbili, hata moja moja, zinalegea na gurudumu halitarudi kuwa duara, si kwa mikono yao wala kwa siku mbili.

"Na mimi moja naweza kuchonga mpaka kesho saa sita," Gekara alisema. "Mbili, hapana. Ni mti ngumu hii. Wewe Ojwang niambie ni gani, mimi nachonga."

Nilirudi kwa Syprose. Mama aliuliza, nikamwambia. Alimalizia uji wake.

"Ni mti mkavu uliopakwa rangi, na ndani kuna ufa," alisema. "Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mimi kutwa nzima naletewa vyungu niseme kama vina ufa. Nani anauona? Unagonga, unasikiliza. Kizima kinalia. Chenye ufa kinakohoa." Akasimama. "Mwambie aondoke pale nije nigonge."

Kepher hakutaka kuondoka. Alisema hawezi kumwacha mtu yeyote na Dani aliye juu ya jeki, hata Maro, zaidi sana Maro. Nilikimbia na jibu hilo, nikarudi na jibu la jibu hilo, nikakimbia tena, mpaka nikasema basi, imetosha, nikang'oa blanketi letu kitandani. Gekara na mimi tulilitundika kwenye kamba katikati ya gereji. Kepher alikaa upande wa mbele, kwenye boksi, uso kwa blanketi. Mama aliingia kwa mlango wa nyuma, akaketi chini mbele ya gurudumu miguu kainyoosha, na mimi nikasimama kwenye ukingo wa blanketi nikiwaona wote wawili.

Mama alichukua kijiwe laini cha kusugulia vyungu kutoka kwenye mkoba wake. Akainamisha kichwa. Akagonga.

Alizunguka mara moja, spoki zote kumi na mbili. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Gekara alitikisa kichwa. Mama alianza mzunguko wa pili, polepole zaidi, jicho moja kalifumba. Kule upande wa pili niliona Kepher naye kafumba jicho moja, na midomo yake inasogea, anahesabu. Ti. Ti. Ti. Walikuwa wameinamisha vichwa upande mmoja, yeye na Mama, na hawakujua.

Ti. Ti. Tu.

Mama alifungua mdomo. "Mwambie..." alianza.

"Hapo!" Kepher alipiga kelele. "Hapo hapo, Maro! Usiende! Gonga tena!"

Kepher alijishika mdomo kwa mikono miwili. Katika miaka mitatu hakuwahi kumwelekezea mama yangu hata salamu, na sasa alikuwa amemfokea kama mtu anayerudisha gari nyuma.

Mama aliutazama ule mkono wake wenye kijiwe. Kisha akagonga spoki ile ile mara tatu. Tu. Tu. Tu. Akatoa kipande cha mkaa, akaichora alama, akainuka, akafunga leso yake kiunoni, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuniambia neno.

"Nimemkosea," Kepher alisema.

"Kwetu pia ni hivyo," Gekara alisema, naye hakucheka. "Hiyo ni kubwa, Ojwang." Kisha akashika penseli yake. "Lakini spoki imepatikana."

Walipoichomoa waliona ufa kwenye mzizi wake, mwembamba kama unywele, urefu wa kiganja. Gekara alitafuta mti uliokauka sawasawa kiwanda kizima na hakupata. Mbao za masanduku ni laini. Mwishowe alikata mguu mmoja wa benchi lake mwenyewe la kazi, ambalo alilitengeneza kwa ule mti mgumu Wakipsigis wanaouita emitiot, akalisimamisha benchi juu ya mawe. Nilipomshukuru alisema benchi miguu mitatu inalitosha. Alichonga Alhamisi yote na Ijumaa asubuhi, na saa saba mchana spoki ilikuwa imeingia mahali pake, nyeupe katikati ya zile za kijani.

Mama tangu Alhamisi hakutaja gereji. Alimwogesha mtoto, akamwimbia, akala kidogo. Nilipomuuliza kama amekasirika alisema samaki hawa wamezidi chumvi. Kepher alinituma mara tatu nikamwombee msamaha, na mara zote tatu Mama alisema, "Nimesikia." Nimesikia ni neno gani? Unaweza kulitia kila kitu ndani yake.

Ijumaa saa kumi Bwana Kelele alikuja gereji. Hakutaka kungoja Jumamosi.

"Leo mimi sikiliza mwenyewe," alisema. "Mimi kaa mbele." Kepher akaanza kupakia magunia ya posho. "Hapana gunia," Bwana alisema. "Jumatatu mimi iko kwa veranda, sikia wewe naleta ile mama mkubwa. Tik, tik, mpaka gereji. Lete mama ile ile. Kaa pahali ile ile."

Kepher alinitazama. Sijawahi kuona mtu anayeomba namna ile bila kufungua mdomo.

Nilikwenda kwa Syprose. Njiani nilitunga maneno, yote yakaniponyoka. Mama alikuwa mlangoni na mtoto begani. Nilisema, "Bwana anataka wewe upande gari. Usipopanda..." na nikashindwa kumaliza, machozi yakanitoka mbele ya majirani, na mimi si mtu wa kulia.

Mama alinipa mtoto. Akaingia ndani. Nilidhani amekataa, nikaketi kizingitini. Kumbe alikwenda kuvaa leso yake nzuri.

Alipanda nyuma, kushoto, juu ya gurudumu la nne, na springi zikashuka chini yake. Mimi nilikaa kando yake na mtoto. Bwana alikaa mbele, mkono sikioni. Kepher alikuwa na jasho shingoni ingawa upepo wa milimani ulikuwa umeshaanza kuvuma. Aliwasha gari.

Tulitoka gereji. Tukapita kambi ya kwanza, tukakata kona ya kulia ambapo Dani alikuwa hakosi kutoa tik, watoto wakatukimbilia. Nilisikia injini, na mawe madogo yakirukaruka, na pumzi ya Mama. Tukapanda kilima, pale penye ukuta wa udongo ulionidanganya. Nilisikiliza mpaka masikio yakaniuma. Gurudumu lilizunguka chini yetu na halikusema kitu.

Mbele ya kiwanda Bwana aliinua mkono, Kepher akasimama. Bwana alishuka. Alizunguka nyuma, akaitazama ile spoki nyeupe kwa muda mrefu, akaipiga teke kidogo.

"Gari nakaa," alisema. "Kepher nakaa." Akaingia kiwandani, na punde tukamsikia huko ndani akimwambia mtu hapana kelele.

Kepher hakugeuka. Niliona mabega yake yakishuka taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, nami nilitaka kumshika lakini Mama alikuwa pale. Aligeuza gari kurudi nyumbani. Chai ilikuwa kijani pande zote mbili mpaka kule chini Bomet, na jua lilikuwa limelegea. Tulipokaribia gereji Kepher alianza kukaza breki.

"Ora," Mama alisema.

Hilo ndilo jina mama mkwe analomwita mkwewe. Nilimgeukia haraka nipokee ujumbe, kama nilivyozoea. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama chai, na sauti aliielekeza mbele.

"Ora, zunguka tena," alisema. "Siku ile nilisikia kelele tu. Sikuona mahali mnapokaa."

Kepher aliachia breki.

"Ndiyo, Maro," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, naye hakugeuka.

Dani akapita gereji akaendelea na barabara. Mama alimwuliza ile nyumba ya mabati ni ya nani, naye akamwambia. Akamwuliza kule ng'ambo ni wapi, akamwambia. Mimi nilikaa pale na mwanangu mapajani, sina neno la kumpelekea mtu yeyote.